Umeme wa njia tatu katika karakana ya nyumbani: Namna ya kuupata na kuulinganisha

UMEME wa njia tatu, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni mali ya viwanda, sasa unahitajika hata uani kwa mtu. Fundi seremala anayenunua randa ya mashine, au fundi chuma anayeleta nyumbani mashine ya kukereza iliyotumika Ulaya, hugundua mara nyingi kwamba mota ya mashine hiyo inataka nyaya tatu za moto, ilhali nyumba yake ina waya mmoja tu wa moto na mmoja wa nyutro.

Hapo ndipo makosa huanza. Wako wanaoamua kuunganisha kapasita yoyote iliyo karibu, wako wanaoshauriwa kubadilisha mota, na wako wanaolipia njia tatu wakidhani kwamba shida zote zimekwisha. Miezi michache baadaye mota inanuka, inapelekwa kusukwa upya, na kazi ya wateja inalala.

Makala haya yanaeleza umeme huo ni nini, kwa nini ulinganifu wa njia zake ni jambo la lazima, njia za kuupata mahali ambapo haupo, na namna ya kuulinda.

Njia moja na njia tatu

Umeme unaosambazwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kwa wateja wa kawaida ni wa volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro, na volti 400 kati ya waya mmoja wa moto na mwingine. Nchini Kenya viwango hivyo ni volti 240 na 415. Katika nchi zote mbili umeme huo hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani masafa yake ni hezi 50.

Mteja wa njia moja hupewa waya mmoja wa moto na nyutro. Mteja wa njia tatu hupewa nyaya tatu za moto, ambazo mafundi huziita fezi, pamoja na nyutro. Fezi hizo tatu hazipandi na kushuka kwa wakati mmoja. Kila moja hupishana na mwenzake kwa theluthi moja ya mzunguko, sawa na digrii 120.

Kupishana huko ndiko kunakoleta faida. Katika njia moja, nguvu inayofika kwenye mota hukatika na kurudi mara 100 kwa sekunde, na ndiyo sababu mota ya namna hiyo huvuma na kutikisika. Katika njia tatu, fezi moja inaposhuka nyingine inapanda, hivyo jumla ya nguvu haipungui hata kidogo iwapo fezi zote zina uzito ulio sawa.

Aidha, fezi tatu zikipitishwa katika koili zilizopangwa kwa duara hutengeneza usumaku unaozunguka wenyewe. Mota haihitaji kapasita wala swichi ya kuiamsha. Inaanza yenyewe, tena kwa nguvu, na haina kitu kinachochakaa upesi isipokuwa beringi.

Ugunduzi huo una zaidi ya karne moja. Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, walitangaza kila mmoja kwa wakati wake habari za usumaku unaozunguka mwaka 1888. Mwaka 1889 mhandisi mzaliwa wa Urusi, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyekuwa katika kampuni ya AEG ya Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu ya aina ambayo bado inatumika viwandani.

Mwaka 1891 umeme wa njia tatu ulisafirishwa umbali wa kilometa 175 hivi kutoka Lauffen hadi Frankfurt nchini Ujerumani, na tangu hapo dunia haikurudi nyuma.

Kwa nini fezi zilingane

Kuwa na nyaya tatu zenye umeme si sawa na kuwa na umeme wa njia tatu ulio sawasawa. Mota hutengenezwa kwa kutegemea kwamba volti kati ya kila jozi ya fezi ni ile ile. Tofauti ndogo ya volti huzaa tofauti kubwa ya mkondo ndani ya koili.

Maelezo ya jambo hilo yalitolewa mwaka 1918 na mhandisi Charles Fortescue. Alionyesha kwamba fezi zisizolingana zinaweza kuhesabiwa kama makundi ya fezi zinazolingana yaliyochanganyika. Kundi moja huzungusha mota mbele. Kundi jingine linataka kuizungusha kinyumenyume.

Kundi hilo la kinyume ndilo adui. Halisaidii kazi, bali hufanya kama breki inayoshikwa kidogo wakati gari linakwenda, na nguvu yake yote huishia kuwa joto. Kwa kuwa koili hazina uwezo mkubwa wa kulizuia, volti kidogo tu za kinyume hupitisha mkondo mwingi.

Viwango vya watengenezaji wa mota wa Marekani vinaeleza kwamba tofauti ya mkondo inaweza kuwa mara 6 hadi 10 ya tofauti ya volti. Volti zikitofautiana kwa asilimia 2, mikondo inaweza kutofautiana kwa asilimia 12 hadi 20.

Joto nalo huongezeka upesi. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, ongezeko la joto la koili, kwa asilimia, hukaribia mara mbili ya kipeo cha pili cha tofauti ya volti. Tofauti ya asilimia 3.5 huongeza joto kwa takriban asilimia 25. Na kila joto la koili linapozidi kwa nyuzi 10 hivi, umri wa kizio cha waya hupungua kwa nusu.

Kwa sababu hiyo inashauriwa tofauti ya volti isizidi asilimia 1 pale mota inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Ikifika asilimia 5, mota haipaswi kubebeshwa zaidi ya robo tatu ya uwezo wake. Zaidi ya hapo haifai kuwashwa kabisa.

Namna ya kupima

Kipimo hakihitaji chombo cha gharama. Mita ya kawaida ya volti inatosha, ilimradi mwenye kuishika anajua anachokifanya na mashine inafanya kazi yake ya kawaida wakati wa kupima.

Hupimwa volti kati ya fezi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, kisha ya tatu na ya kwanza. Majibu matatu hujumlishwa na kugawanywa kwa tatu ili kupata wastani. Halafu hutafutwa jibu lililo mbali zaidi na wastani huo, na umbali wake hugawanywa kwa wastani.

Kwa mfano, vipimo vikiwa volti 400, 392 na 411, wastani ni 401. Jibu lililo mbali zaidi ni 411, ambalo limezidi kwa volti 10. Kumi kugawanywa kwa 401 ni takriban asilimia 2.5. Karakana hiyo haina dharura, lakini ina jambo la kutafutwa.

Baada ya volti hupimwa mkondo wa kila waya wa mota kwa mita ya kubana. Ikiwa mikondo haifanani, mafundi wana njia nyepesi ya kujua kosa liko wapi: nyaya tatu zinazoingia kwenye mota husogezwa zote kwa hatua moja, bila kubadili mfuatano wake. Mkondo mkubwa ukibaki kwenye fezi ile ile ya umeme, kasoro iko upande wa umeme. Ukihama pamoja na koili, kasoro iko ndani ya mota.

Njia ya kwanza: kuomba njia tatu

Mahali ambapo laini ya mtaani ina nyaya zote nne, suluhisho la kudumu ni kuomba njia tatu kwa shirika la umeme. Fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) huandaa mchoro na kukamilisha nyaya za ndani, kisha shirika hukagua na kufunga mita. Mita za LUKU za njia tatu zipo.

Kwa mujibu wa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, kundi la matumizi ya kawaida la T1 lilijumuisha wateja wa volti 230 wa njia moja na wa volti 400 wa njia tatu. Hivyo si kweli kwamba kila mwenye njia tatu huhesabiwa kuwa kiwanda kikubwa. Gharama iliyo kubwa ni ile ya kuunganishwa, hasa nguzo zinapohitajika.

Kikwazo ni kwamba mitaa mingi, hasa ya pembezoni mwa miji na vijijini, hupitiwa na waya mmoja wa moto na nyutro tu. Vilevile mwenye karakana katika nyumba ya kupanga huona tabu kulipia laini ambayo ataiacha siku akihama. Kwa watu hao ziko njia nyingine.

Njia ya pili: kiendeshi cha masafa

Kifaa ambacho kimebadili hali ya karakana ndogo katika miongo ya karibuni ni kiendeshi cha masafa, ambacho mafundi wengi hukiita inverta. Hakifanani na inverta ya umeme wa jua. Hiki huchukua volti 230 za njia moja, huzigeuza kuwa umeme mnyoofu kama wa betri, kisha swichi za kielektroniki hukata umeme huo na kuutoa upya ukiwa wa fezi tatu.

Kwa kuwa fezi hizo hutengenezwa kwa hesabu ndani ya kifaa, ulinganifu wake ni mzuri kuliko wa njia nyingine zote za nyumbani. Kifaa pia huiamsha mota taratibu bila kuvuta mkondo wa ghafla, huweza kubadili mwendo na mwelekeo wake, na huizima mzigo unapozidi.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Kiendeshi cha kawaida kinachoingiziwa volti 230 hakiwezi kutoa zaidi ya volti 230. Mota iliyofungwa kwa volti 400 haitapata nguvu yake.

Jibu liko kwenye kibati cha mota. Kikisomeka volti 230/400, maana yake ni kwamba koili zikiunganishwa kwa mtindo wa delta mota hutumia volti 230, na zikiunganishwa kwa mtindo wa nyota hutumia volti 400. Fundi hufungua kisanduku cha mota na kuhamisha vipande vya shaba kutoka nyota kwenda delta, basi mota inafaa.

Kikisomeka 400/690, mambo ni magumu. Mota hiyo tayari iko kwenye delta kwa volti 400, na kiendeshi cha volti 230 kitaipa nguvu kamili ya kuzungusha hadi karibu hezi 29 tu. Ziko pia mota za zamani ambazo kiungo cha nyota kimezikwa ndani ya koili. Hizo humlazimu fundi wa kusuka mota kuzifungua na kuzitoa nje ncha tatu zilizofichwa.

Mkondo wa kuingilia nao uzingatiwe. Mota ya kilowati 2.2 huvuta takriban ampia 5 kwa kila fezi ikiwa kwenye volti 400. Kupitia kiendeshi cha njia moja, waya wa kuingilia unaweza kubeba kati ya ampia 15 na 24. Plagi ya ampia 13 haitoshi. Inatakiwa laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme.

Kiendeshi kilichoundwa kuingiziwa fezi tatu kinaweza wakati mwingine kulishwa kwa njia moja, endapo mtengenezaji ameruhusu, lakini kwa kawaida huchaguliwa chenye uwezo mara mbili ya mota.

Masharti mengine ni haya: kiendeshi kimoja kwa mashine moja, pasiwe na swichi inayokatwa katikati ya kiendeshi na mota wakati mota inazunguka, bali vitufe vya kuwasha na kuzima viunganishwe kwenye kiendeshi chenyewe, waya wa kwenda kwenye mota uwe mfupi na wenye ngao ya chuma, na kifaa kikae mahali pasipofikiwa na vumbi la mbao wala chembe za chuma.

Mota inayoendeshwa polepole kwa muda mrefu hupata joto, kwa kuwa feni yake iko kwenye mhimili huo huo. Na baada ya kuzima umeme, kapasita za ndani ya kiendeshi hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa. Kifuniko kisifunguliwe kabla ya muda ulioandikwa juu yake.

Njia ya tatu: mota inayozalisha fezi

Karakana yenye mashine nyingi zinazobadilishana kazi inaweza kutumia kigeuza fezi cha mota. Hii ni mota ya kawaida ya fezi tatu inayozunguka bila mzigo, ikilishwa kwa nyaya mbili za njia moja. Ikishazunguka, koili yake ya tatu huzalisha fezi iliyokosekana, na nyaya zote tatu hupelekwa kwenye mashine.

Mota hiyo haiwezi kujiamsha yenyewe kwa nyaya mbili. Huamshwa kwa kapasita inayokatwa baada ya sekunde chache, au kwa mota ndogo ya njia moja inayoisukuma kwanza. Kwa desturi huchaguliwa yenye uwezo wa mara moja na nusu ya mota kubwa kuliko zote zitakazowashwa.

Udhaifu wake ni ulinganifu. Fezi inayozalishwa hupanda volti mashine zikiwa hazina mzigo na hushuka zinapobanwa na kazi. Hapo ndipo zinapohitajika kapasita za kusawazisha, zinazofungwa kati ya fezi hiyo ya tatu na kila moja ya nyaya nyingine mbili.

Kazi ya kusawazisha hufanywa kwa subira. Mashine inayotumika sana huwashwa na kupewa kazi yake ya kawaida, volti tatu hupimwa, kisha kapasita huongezwa au kupunguzwa kidogo kidogo hadi vipimo vikaribiane. Zitumike kapasita za kudumu zenye mafuta au utando wa plastiki, zilizoandikwa volti za kutosha. Kapasita za kuamshia hazikuundwa kukaa kwenye umeme na huweza kupasuka.

Mambo mawili hayana mjadala. Kwanza, koili ya kontakta na transfoma ndogo ya taa za mashine ziunganishwe kwenye zile nyaya mbili za kweli, kamwe si kwenye fezi iliyozalishwa. Pili, kigeuza fezi kinacholishwa kwa volti 230 hutoa fezi tatu za volti 230, na mmoja wa nyaya hizo ndio nyutro ya shirika. Mashine zinazodai volti 400 zitahitaji transfoma ya kupandisha au mota zake zihamishiwe kwenye delta.

Njia ya nne: kapasita peke yake

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kufunga kapasita kwenye mota yenyewe, ikiwa kwenye delta, kati ya waya mmoja wa umeme na ncha ya tatu. Kwa volti 230 na hezi 50, kipimo kinachojulikana ni takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati moja ya mota.

Njia hii inafaa kwa feni, jiwe la kunolea au mashine ndogo ya kutoboa. Haifai kwa randa nzito wala kompresa. Nguvu inayopatikana ni karibu theluthi mbili tu ya ile iliyoandikwa, na nguvu ya kuamka ni ndogo sana. Tena kapasita iliyochaguliwa huleta ulinganifu kwenye kiwango kimoja tu cha mzigo. Mzigo ukibadilika, ulinganifu unaondoka.

Wakati wa jenereta

Ukame wa mwaka 2006 ulipoleta mgawo mkali wa umeme nchini, mafundi wengi walijifunza kutegemea jenereta. Jenereta ya njia tatu inaendesha mashine vizuri, lakini nayo ina sheria yake ya ulinganifu.

Uwezo ulioandikwa kwenye jenereta umegawanywa kwa fezi tatu. Jenereta ya kVA 15 ina kVA 5 tu kwa kila fezi, sawa na ampia 21 au 22. Mwenye karakana akiweka mashine ya kuchomelea, taa na kompresa zote kwenye fezi moja, ataiunguza koili moja huku nyingine mbili zikiwa hazina kazi.

Mota inapoamka huvuta mara 5 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Ni busara kuwasha mashine kubwa kwanza, kisha ndogo. Swichi ya kubadilishia umeme wa shirika na wa jenereta nayo ni lazima iwe ya aina isiyoweza kuunganisha vyote viwili kwa pamoja, kwa kuwa umeme ukirudi kwenye laini huweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Kugawa mizigo ya njia moja

Hata mwenye njia tatu za shirika anaweza kuziharibu mwenyewe. Katika karakana nyingi mota kubwa hutumia fezi zote tatu kwa usawa, lakini vifaa vidogo vya njia moja hufungwa pale palipo karibu.

Mfano ni karakana yenye kompresa ya ampia 10, jiwe la kusaga la ampia 6, keekee ya ampia 4, feni ya kuvuta vumbi ya ampia 6, taa za ampia 4 na chaja pamoja na vifaa vya ofisi vya ampia 5. Vifaa vitatu vya kwanza vikiwa kwenye fezi moja, feni na taa kwenye ya pili, na ofisi kwenye ya tatu, mikondo ni ampia 20, 10 na 5. Nyutro italazimika kubeba takriban ampia 13.

Vifaa hivyo hivyo vikipangwa upya, yaani kompresa peke yake, jiwe na feni pamoja, halafu keekee, taa na ofisi pamoja, mikondo inakuwa ampia 10, 12 na 13. Mkondo wa nyutro unashuka chini ya ampia 3. Hakuna kilichonunuliwa. Mpango tu ndio uliobadilika.

Nyutro yenyewe ilindwe kuliko waya mwingine wowote. Ikilegea au ikikatika, fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kutoka volti 230 na kukaribia 400, na taa, chaja na kompyuta kuungua kwa dakika moja. Isiwekewe fyuzi wala swichi inayokatwa peke yake.

Mashine zinazotoka ng'ambo

Mashine zilizotumika huingia kupitia bandari ya Dar es Salaam kutoka nchi zenye umeme tofauti. Zile za Ulaya na China kwa kawaida ni za hezi 50, na volti zake ni kati ya 380 na 415, hivyo huleta shida kidogo.

Za Japani mara nyingi ni za fezi tatu za volti 200, na nchi hiyo ina hezi 50 upande wa mashariki na hezi 60 upande wa magharibi. Kuziunganisha na volti 400 ni kuziua papo hapo. Kiendeshi cha volti 230 kilichowekwa kisizidi volti 200 ndicho kinachozifaa.

Za Marekani ni za hezi 60. Zikizungushwa kwa hezi 50 mwendo hushuka hadi tano ya sita, na volti zake hupaswa kushushwa kwa kiasi hicho hicho ili usumaku usizidi. Ni lazima kibati kisomwe kabla ya kulipa fedha.

Kinga zisizoachwa

Hatari kubwa ya mota ya njia tatu ni kukosa fezi moja. Fyuzi moja ya mtaani ikikatika, mota iliyosimama haitaamka bali itavuma na kupata moto. Iliyokuwa ikizunguka itaendelea kwa nyaya mbili, na kwa mzigo ule ule mkondo wa nyaya hizo huongezeka hadi karibu mara 1.7. Koili huungua kabla mwenye mashine hajatambua.

Kinga yake ni mbili. Ya kwanza ni kontakta yenye rilei ya mzigo uliozidi, iliyopimwa kwa mkondo ulioandikwa kwenye kibati. Ya pili ni rilei ya kuangalia fezi, inayozima mashine ikiwa fezi moja imekosekana, volti zimetofautiana kupita kiasi, au mfuatano wa fezi umegeuka.

Mfuatano huo si jambo dogo. Fezi mbili zikibadilishana nafasi baada ya matengenezo ya laini au wakati wa kuhamia kwenye jenereta, kila mota huzunguka kinyume. Msumeno unakataa kukata, na katika baadhi ya mashine za kukereza kichwa kinachoshika chuma, kilichofungwa kwa hesi, kinaweza kufunguka na kuruka.

Kontakta ina faida nyingine: umeme ukikatika na kurudi, mashine haiwaki yenyewe hadi kitufe kibonyezwe. Mikono mingi imeokolewa na jambo hilo.

Waya wa ethi ufike kwenye chuma cha kila mashine, na ukubwa wa nyaya uchaguliwe na fundi mwenye leseni. Pale panapotumika viendeshi vya masafa, swichi ya kinga ya mkondo unaovuja nayo ichaguliwe ya aina inayokubaliana navyo, kwani ya kawaida inaweza kukatika ovyo au kutokatika kabisa panapotakiwa.

Uamuzi

Kwa mwenye mashine moja au mbili zisizozidi kilowati 2.2 hivi kila moja, kiendeshi cha masafa kwa kila mashine ndicho chenye manufaa zaidi. Mwenye mashine nyingi za zamani na fundi wa kuaminika anaweza kupata nafuu kwa kigeuza fezi cha mota, ilimradi kisawazishwe kwa vipimo na si kwa kukisia. Mwenye nia ya kukaa na kukua, na laini ya nyaya nne ikiwa mtaani kwake, aombe njia tatu.

Katika hali zote, vipimo vitatu vya volti na vitatu vya mkondo viandikwe kwenye daftari siku mashine inapofungwa, na virudiwe kila baada ya miezi michache. Tofauti inayoonekana kwenye daftari hurekebishwa kwa kukaza kiungo kilicholegea. Ile inayoachwa mpaka ionekane kwa moshi hulipiwa kwa kusuka mota upya.